Nani anainuka kusema? Shule na pengo la ushiriki katika siasa

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu, lakini kilichoshangaza zaidi ni kwamba kura zenyewe hazikulingana. Serikali ya kikoloni iliandaa orodha ya sifa, elimu ikiwa mojawapo, pamoja na kipato au mali, utumishi wa miaka mingi na kazi ya jeshi. Aliyekusanya sifa nyingi aliongezewa kura, hadi tatu. Asiyekuwa na hata moja hakuandikishwa. Mwalimu wa shule ya misheni aliweza kumzidi kura baba yake mzazi, yule yule aliyeuza mbuzi ili kumlipia ada. (Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa juu ya hayo cheti cha utii, lakini hiyo ni habari ya Mau Mau na inataka makala yake.)

Tanganyika ilifuata mwaka 1958 kwa mtindo wake. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya sekondari, au wadhifa unaotambulika; kisha ukifika kituoni unachagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Hizo ndizo kura tatu zilizotaka kukipasua chama cha uhuru, TANU, kabla ya kikao cha Tabora cha Januari 1958, kile cha Uamuzi wa Busara, ambapo kilikubali kuingia katika uchaguzi huo.

Masharti hayo yalifutwa zamani. Leo profesa na mchunga ng'ombe wana kura moja moja. Hata hivyo ukiangalia nani anasikika, nani anaandika barua kwa mkurugenzi, nani anachukua fomu, utaona ile hesabu ya 1957 haijafa. Mkoloni aliiandika wazi kwenye karatasi; sisi tumeihamishia ndani ya mfumo wa shule, mahali ambapo haionekani kwa urahisi.

Wengi wakisikia ushiriki katika siasa hufikiria kura, na hapo ndipo hesabu inapotupotosha. Marekani ni kweli kwamba aliyesoma zaidi hupiga kura zaidi. Wachumi Milligan, Moretti na Oreopoulos walichunguza jambo hilo katika utafiti uliochapishwa 2004, wakitumia sheria zilizowalazimisha watoto kubaki shuleni muda mrefu zaidi. Marekani, muda huo wa ziada uliongeza upigaji kura. Uingereza haukuongeza kitu cha maana. Maelezo yao yako kwenye uandikishaji: Mmarekani anajiandikisha mwenyewe, ni juu yake kujua wapi, lini na kwa karatasi gani, wakati Uingereza mamlaka ilipeleka fomu hadi nyumbani na kuifuatilia. Shule ilikuwa inamsaidia mtu kuruka kiunzi. Pasipo na kiunzi, aliyesoma na asiyesoma walifika pamoja.

Kwa hiyo swali la kuuliza katika nchi yoyote ni hili: viunzi vimewekwa wapi? Kwetu Tanzania havipo sana kwenye kura. Siku ya uchaguzi bibi wa kijijini anaamka alfajiri, anapanga foleni na kitambulisho chake kwenye pindo la kanga, huku mhitimu wa chuo mjini akisema atakwenda mchana jua likipungua, na haendi. Viunzi vinaanza siku inayofuata.

Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo upande wa kwa mama yangu, mkoani Tanga. Mmoja nimeukumbuka kuliko mingine. Mtendaji alisimama na daftari, akasoma haraka kama mtangazaji wa matokeo ya mechi: shilingi kadhaa usafiri, shilingi kadhaa posho, laki nne na elfu ishirini matengenezo ya choo cha shule. Wanaume walikuwa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, wanawake wamekaa chini ya mwembe. Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mwalimu mstaafu. Wa pili, wa kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira. Wa tatu, mwalimu mstaafu tena.

Mama mmoja mbele yangu alimgeukia mwenzake. "Choo gani hicho? Mbona watoto bado wanakwenda kichakani?"

Lilikuwa swali zito kuliko yote ya siku ile, na halikuingia kwenye muhtasari. Tulipotawanyika nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hakunyoosha mkono. Alicheka. "Kusema kuna wenyewe, mwanangu. Mimi niliishia la nne."

Habari alikuwa nayo, tena ya uhakika kuliko ya mwalimu mstaafu. Alichokosa ni kitu ambacho shule huwapa baadhi na kuwanyima wengine. Sehemu yake ni ufundi: kuanza kwa "Ndugu mwenyekiti", kugeuza lalamiko liwe hoja, kusimama mbele ya macho mia mbili bila sauti kutetemeka. Aliyepitia ukiranja au mdahalo wa shule ameufanyia ufundi huo mazoezi tangu utotoni. Sijui kama kuna Mtanzania aliyefika sekondari bila kukutana na mdahalo wa "elimu ni bora kuliko fedha". Mada imechakaa, lakini mtoto aliyeitetea jukwaani ametoka na kitu. Sehemu nyingine ni watu. Mliolala bweni moja miaka minne hamuachani: mmoja atakuwa ofisa wilayani, mwingine mwandishi wa habari, na siku ukiwa na shida unajua simu ya nani ya kupiga.

Lakini ninavyoona mimi, zito zaidi ni hukumu. Shule ndiyo ofisi ya kwanza ya dola inayomwita mtoto kwa jina na kumwambia amefaa au hakufaa. Kule nyumbani anaweza kuwa mwerevu wa kutega ndege au wa kuhesabu nazi. Karatasi ya matokeo haijui hayo. Yule mama hakusema "sijui kuongea". Alitaja darasa aliloishia.

Ndiyo maana idadi ya miaka darasani haitoshi kueleza pengo. Kinachopimika vizuri zaidi ni upangaji: watoto wanatenganishwa wakiwa na umri gani, na kwa kigezo gani. Ujerumani, majimbo mengi huwagawa baada ya darasa la nne, wakiwa na miaka kama kumi, wengine waelekee njia ya chuo kikuu na wengine njia ya ufundi. Katika umri huo kinachoonekana kwenye mtihani ni vitabu vilivyomo nyumbani na mama anayeweza kusaidia hesabu jioni.

Uswidi nayo ilikuwa na desturi ya kuwagawa mapema, ikaiacha. Kuanzia miaka ya 1950 ilijaribu wilaya kwa wilaya shule moja ya miaka tisa kwa watoto wote. Kwa kuwa wilaya hazikuanza siku moja, watafiti walipata nafasi adimu ya kulinganisha watoto wa rika moja waliosoma chini ya mifumo miwili. Lindgren, Oskarsson na Dawes, katika utafiti uliotoka 2017, walifuatilia Waswidi wote waliozaliwa kati ya 1943 na 1955, wakatazama nani baadaye aligombea nafasi ya kisiasa. Uzito wa familia aliyotoka mtu ulipungua kwa hadi asilimia 40. Watoto wa vibarua hawakupewa somo maalumu la siasa. Walisoma muda mrefu zaidi na walicheleweshwa kutenganishwa na watoto wa wakubwa, basi.

Tanzania ina historia inayofanana na hiyo hadi katikati, halafu inapinda. Mwalimu Nyerere aliliona tatizo mapema. Andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 linalalamikia shule inayowang'oa wachache na kuwafanya wajione si wenzao. Azimio la Musoma la 1974 likaamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Miaka saba, sare zilezile, Kiswahili kilekile, mtoto wa mkuu wa mkoa dawati moja na mtoto wa manamba wa mkonge. Kwa kipimo cha upangaji, hiyo ilikuwa siasa kali ya usawa kuliko ya Wajerumani.

Kisha ikaja la saba, na mlango ukafungwa kwa kishindo. Serikali ilijenga sekondari kwa kufuata hesabu ya wataalamu inaowahitaji, si idadi ya watoto walioko, na katika miaka ya 1980 hawakufika kumi katika kila mia waliopata nafasi sekondari ya serikali. Sikiliza maneno tuliyoyarithi kutoka wakati huo. Mtoto hakusemwa "amemaliza", alisemwa "amechaguliwa". Na wale tisini na ushee, ambao kwa hesabu yoyote ndio waliokuwa taifa lenyewe, wakaitwa waliofeli. Hadi leo "huyo ni wa la saba" ni tusi la kistaarabu, hutolewa hata kwa mbunge anayezungumza vizuri kuliko wasomi waliomzunguka.

Mlango ulipokuwa mwembamba, walioweza kujitengenezea dirisha walijitengenezea. Kilimanjaro na Kagera zilikuwa na kahawa na shule za misheni za tangu ukoloni. Serikali iliweka mgao wa nafasi kimkoa ili wengine nao wapate; wazazi wakajibu kwa kuchangishana na kujenga sekondari zao binafsi. Huwezi kuwalaumu. Ila matokeo yake ni kwamba sauti za kisiasa za mikoa hazikukua kwa kasi moja, na watu wa Lindi au Kigoma watakueleza hilo bila kufungua kitabu.

Mlango ulipanuliwa kwa nguvu kuanzia 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) na zile tulizokuja kuziita shule za kata. Sekondari ziliruka kutoka takribani 1,300 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Kasi hiyo ilikuwa na bei yake: majengo bila maabara, madarasa bila walimu wa hisabati. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne.

Wapo wanaozibeza shule za kata. Mimi si mmoja wao, maana najua vijiji ambavyo kabla yake msichana aliyefika kidato cha pili alikuwa hadithi. Lakini kuna jambo lilitokea kimyakimya wakati huohuo. Upangaji haukukoma, ulihama. Zamani ulifanyika kwa mtihani mtoto akiwa na miaka kumi na nne. Sasa unafanyika kwa pochi ya mzazi mtoto akiwa na miaka minne. Huyu anapanda basi la njano kwenda shule ya Kiingereza, yule anakwenda kwa miguu shule ya serikali, ile tunayoiita Kayumba. Hawatakaa dawati moja siku hata moja. Na kwa kuwa viti vya Bunge na vya mabaraza haviongezeki kwa sababu watu wamesoma, cheti cha kidato cha nne kilichokuwa ngazi mwaka 1985 leo ni sakafu ya kusimamia. Anayesikika ni yule aliyewazidi wenzake ngazi moja, vyovyote ngazi zilivyo.

Hapo lugha inaingia, na ndipo mambo yanapochekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Bunge la Dodoma linajadili kwa Kiswahili. Mkutano wa kijiji, kampeni, redio, vyote Kiswahili, na hiyo ni neema ambayo nchi nyingi za Afrika hazina: lugha ya madaraka ndiyo lugha ya sokoni. Lakini somo la uraia la sekondari, lile lenyewe linaloeleza diwani ni nani na halmashauri inafanya nini, limefundishwa miaka nenda miaka rudi kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu, ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa, na Mwalimu mwenyewe akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia.

Ingia kidato cha kwanza cha shule ya kata, wiki za mwanzo. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza kazi za serikali ya kijiji. Watoto sabini wanaangalia viatu. Anatafsiri kwa Kiswahili, mikono kumi inapaa, kwa sababu babu wa mmoja wao ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji na mwingine mama yake alikosana na mtendaji wiki iliyopita. Anarudi kwenye Kiingereza kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mikono inashuka. Wanakariri aya nne za kwenye ubao. Kule shule ya ada kubwa, swali lilelile linazaa ubishi wa dakika ishirini. Watoto wote wamesoma mada moja, silabasi moja. Wale wamejifunza kubishana na serikali. Hawa wamejifunza kunyamaza inapotajwa. Mtaala wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua, ingawa maadili na kubishana si somo moja.

Sasa, msomaji makini atauliza: je, ukiwapa wote shule nzuri, ushiriki utasawazika wenyewe? Hapana, na ushahidi wa kutuliza shangwe unatoka barani kwetu. Zimbabwe ilifungua sekondari kwa watoto weusi baada ya uhuru wa 1980. Watafiti Croke, Grossman, Larreguy na Marshall walionyesha mwaka 2016 kwamba walionufaika na mlango huo walikuja kushiriki siasa kidogo kuliko wengine. Walipenda demokrasia zaidi, waliikosoa serikali zaidi, na kwa sababu hiyohiyo walijitenga na uchaguzi walioona ni wa kuupa uhalali utawala uliokwisha kujichagulia.

Magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule za msingi za Busia waliwekewa ufadhili wa masomo kwa watakaofaulu vizuri, shule zikiwa zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Miaka baadaye wasichana wa shule zile walijua siasa zaidi, walikataa kipigo cha mume zaidi, na hawakuwa wepesi kama wenzao wa kuwatii wakubwa kwa sababu tu ni wakubwa. Lakini hawakuwa wepesi zaidi wa kupiga kura wala kujiunga na vikundi vya kijamii, na walioona vurugu za kisiasa zina uhalali waliongezeka. Shule iliwafumbua macho. Nje ya shule hapakuwa na mlango wa kupita. Pengo linalozaliwa hapo ni la kinyume: mwenye elimu ananuna nyumbani, asiye nayo anapewa chumvi na kofia, na mgombea anafurahi na wote wawili. Tanzania takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilikuwa halali kisheria mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha 2006.

Na mlango wenyewe unaweza kujengwa kwa tofali la shule. Katiba ya Tanzania, ibara ya 67, inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi. Kenya, kwa sheria ya uchaguzi ya 2011 na marekebisho yake ya baadaye, iliamua kudai shahada. Utekelezaji uliahirishwa, watu wakabishana, na Mahakama Kuu ikalitupa sharti hilo kwa wabunge na wawakilishi wa wadi kabla ya uchaguzi wa 2022. Rais na gavana bado wanadaiwa. Watetezi wake husema sheria hutungwa na wanaojua kusoma sheria. Naielewa hoja, lakini siikubali. Katika nchi ambako wenye shahada ni sehemu ndogo mno, na wengi wao walipita katika sekondari zilizochuja watoto kwa mtihani wa darasa la nane, sharti hilo linarudisha ile orodha ya 1957 kwa mlango wa nyuma.

Hata sharti dogo la Tanzania si dogo kwa kila mtu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, baadhi kwa madai ya makosa ya kujaza fomu. Wapo waliosoma vizuri tu. Pale kalamu haikuwa tatizo. Ila ilionekana wazi fomu inaweza kufanya kazi gani ikitaka.

Msimu mmoja wa uchaguzi nilikaa kwenye kibaraza cha duka, kijiji kilekile cha choo. Mama mdogo wangu alikuja na fomu ya kugombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji, akampa kijana wa dukani amjazie. Kijana alimaliza kidato cha nne katika shule ya kata. Uraia alipata alama nzuri, na aliwahi kunikariria kwa Kiingereza, bila kukosea, majukumu yote ya serikali ya kijiji.

"Jina tayari, mama. Kazi?"

"Mkulima."

"Elimu?"

Alinyamaza kidogo. "Andika la saba. Iandike vizuri isomeke."

Alipomaliza, mama mdogo alikunja fomu, akaiweka kifuani, kisha akamtazama. "Na wewe uliyesoma, mbona mikutanoni sikuoni?"

Kijana alikuwa tayari anampimia mteja sukari. "Mimi nitasema nini kule, mama?"